Kisanduku Kilichokataa Kicheko

Haya alinisimulia mwenyewe aliyepatwa nayo, mke wa mjukuu wangu, mwaka jana mvua zilipotufungia ndani, tukichambua maharage kwenye ungo mmoja. Nimeyaandika kama alivyoyasema. Pale alipokuwa akinyamaza nimeruka, maana kunyamaza kwa mtu hakuandikiki.

Kazini wanamwita Jicho. Kazi yake ni kupiga video, na kamera ya studio yao ni ile kubwa ya kubeba begani, hata bega lake moja limeshuka kidogo kama mlango uliolegea bawaba. Harusi za watu kapiga, mikutano ya watu kapiga, mpaka misiba. Mama yake mzazi hajawahi kumpiga. Kinyozi hajinyoi, na kila mwaka alijiambia kwamba atapata siku ya nafasi. Siku ikaja, ila ilikuja na uso mbaya.

Mama yake ni fundi cherehani. Anafanyia kazi chumba cha mbele, mlango unatazama barabara, na cherehani yake ya miguu iko dirishani ili apate mwanga. Sauti yake ilipoanza kukwaruza walidhani ni vumbi la vitambaa, wakamnywesha tangawizi na asali. Tangawizi ikaisha sokoni, mkwaruzo haukuisha. Wakaenda hospitali, na daktari alipochungulia koo akaacha utani aliokuwa akiufanya. Kulikuwa na uvimbe. Utakatwa, akasema, na utakatwa pamoja na kile kinachotoa sauti. Mama atakula, atatembea, atapumua kwa tundu la shingoni. Kusema hatasema tena. Jicho akauliza, na kucheka? Daktari akamtazama kama mtu asiyewahi kuulizwa swali hilo, akajibu kwamba atacheka, lakini hamtamsikia.

La kusema Jicho alilimeza. La kucheka likamkwama.

Maana kicheko cha mama yule kilikuwa na ngazi zake. Kilianzia chini, kama sufuria inayofikiria kuchemka. Kisha kilinyamaza kabisa, ukadhani bibi wa watu amepaliwa. Halafu kilipasuka, kikatoka dirishani, na wapita njia wakacheka bila kujua wanachochekea. Tena Jicho alikuwa na mimba, changa, tumbo lilikuwa halijamtangaza. Mtoto atakayezaliwa angemjua bibi asiye na sauti. Jicho akaapa moyoni kwamba kicheko kile hakitaingia chumba cha upasuaji kabla hakijaingia kwenye kamera.

Siku ya nafasi aliyoipata ikawa ile ile ya mama kulazwa. Mume wa mama mdogo wake angeleta gari alasiri, na kesho yake asubuhi ndiyo kisu. Jicho akaenda studio akaazima kamera. Kadi zake za kurekodia zilikuwa zimebebwa na wenzake waliokwenda kupiga mkutano, akapewa kisanduku cha diski, kile kinachokaa nje ya kamera na kuungwa kwa waya. Picha zote huingia humo. Simu yake ilikuwa imewahi kuanguka kwenye ndoo ya maji, na ukiongea nayo unasikika kama umo mtungini. Na hata ingekuwa nzima, mama yake alikwisha kusema. Mji mzima umeupiga na kamera kubwa, mwanangu, mimi ndiyo unipige na simu kama ajali?

Basi akasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akamweka mama katikati ya mwanga wa dirisha. Waya wa kisanduku ulikuwa mfupi. Sakafuni kulikuwa na pasi ya moto na mama mdogo asiyetazama anapokanyaga. Akakiweka kisanduku mezani, pembeni ya mkono wa mama, akabonyeza. Taa ya kamera ikawa nyekundu, taa ya kisanduku ikawa inapepesa kijani. Wapiga video wana kanuni yao: usiamini taa ya kamera, amini taa ya kisanduku. Ya kamera inakwambia inatazama. Ya kisanduku inakwambia inaandika.

Asubuhi ikaenda vizuri. Mama akataja wazee wake mmoja mmoja, nani alimzaa nani, nani alikuwa mlevi lakini mkweli. Akaeleza mtoto mchanga anavyooshwa, maji yapimwe kwa kiwiko, si kwa kiganja, maana kiganja cha mama mpishi kimezoea moto, hudanganya. Mikono yake ilikuwa ikishona vifungo kwenye gauni jepesi la kufungua mbele, la kuvaa hospitalini, kwa kuwa baada ya kisu hakuna nguo itakayopita shingoni. Alilishona mwenyewe. Alisema hataki kulazwa na gauni lenye mshono wa mtu mwingine.

Kisha mama mdogo, aliyekuwa ameketi kitandani anakunja nguo za safari, akasema, "Dada, mwambie ya suruali."

Vifungo vilikuwa vimekwisha, limebaki pindo. Mama akalisukuma gauni chini ya sindano ya cherehani, akaanza kukanyaga, akaanza kusimulia. Wote walikuwa wanaijua. Zamani, yeye msichana anajifunza ufundi, alikuja kijana na suruali ndefu, akaomba ipunguzwe. Akapunguza. Kesho yake kijana akarudi, bado ndefu. Akapunguza. Akarudi tena. Akarudi na tena. Mpaka siku fundi mkuu alipomvalisha ile suruali mbele ya watu, ikaonekana imefika magotini, na fundi akamwambia kijana, mwanangu, kitambaa kimekwisha, sasa sema unachotaka. Kijana yule ndiye baba yake Jicho, Mungu amrehemu.

Na hapo mama akacheka. Sufuria ikafikiri, ikanyamaza, ikapasuka. Mama mdogo akaanguka ubavu juu ya nguo alizokwisha kunja. Jicho naye jicho moja kwenye kioo cha kamera, machozi yanamtoka kwa kucheka, akasema moyoni, nimekipata.

Alipoinua kichwa akaona taa ya kisanduku imeganda. Haipepesi. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi mekundu ambayo machozi yalimficha: kurekodi kumesimama, diski haifuatani na kamera.

Akarudisha nyuma kuangalia. Asubuhi yote ilikuwepo, wazee, mlevi, kiwiko. Ya suruali ikaanza, kijana akaja, akarudi. Mama akasema, "Akarudi tena," na picha ikakatika hapo hapo kama uzi uliokatwa kwa meno.

Alikuwa anajua jinsi ya kuwaambia maharusi kwamba kuna sehemu haikutoka. Hakuwa anajua jinsi ya kumwambia mama yake. Akasema tu kwamba hiyo ilikuwa ya majaribio, sasa turudie ya kweli. Mama akamtazama kitambo kuliko anavyotazama mtu aliyeamini, lakini akakubali.

Jicho akabadilisha waya. Ndiyo hatua ya kwanza, magonjwa mengi ya aina hii hutokana na waya. Mkoba wake ulikuwa na mwingine mpya. Akajaribu kidogo mama akiwa ameketi kimya, taa ikapepesa vizuri. Akasema haya, mama. Mama akavuta gauni lake, akakanyaga, akasimulia. Kijana akaja. Kijana akarudi. Safari hii Jicho hakutazama kamera, alikodolea taa ile ya kijani kama paka anavyokodolea tundu. Akarudi tena, mama akasema, na taa ikaganda.

Hakumkatiza. Alishindwa. Mama akafika mwisho na kicheko kikatoka, lakini ngazi ya juu kilishindwa kuipanda, kikageuka kikohozi. Kikohozi kikawa kirefu. Alipoondoa leso mdomoni aliikunja haraka, na kukunja kule kulimweleza Jicho kilichokuwemo.

Daktari alikuwa amesema koo lipumzike. Jicho alilijua hilo, na alikuwa ameliazima koo la mama yake kama alivyoazima kamera.

Mama mdogo naye alikuwa ameacha kukunja nguo. Akamvuta Jicho mlangoni, akamnong'oneza kwamba kitu kikikataa mara mbili mahali pale pale mtu mwenye akili anaacha. Kinasimama akimtaja marehemu anarudi, hulioni? Marehemu hataki. Tena kuvuna kicheko cha mtu mzima hai, kukitia kwenye kisanduku na kukifunga, ni kama kugawana nguo zake naye yumo ndani. Ukikichukua leo, kesho atarudi na nini?

Jicho alitaka kumcheka. Mama mdogo huyu ndiye aliyewahi kukataa kupanda gari jipya mpaka limsalimie. Lakini kicheko hakikuja. Kikaja kibaridi, kikampanda toka visiginoni. Kwa sababu ni kweli, picha ilikatika neno lile lile. Na kwa sababu ni kweli pia kwamba tangu juzi alikuwa akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mtu anayeondoka. Alihesabu mikunjo ya shingo yake. Alinusa kanga yake. Huenda kisanduku kilikuwa kinamwambia, we mtoto, una haraka gani?

Akajikaza kisabuni. Akabadilisha betri, akaiunga kamera kwenye umeme wa ukutani, maana diski ikikosa nguvu nayo huzirai. Akajaribu bila mama kusema neno, taa ikapepesa bila kuchoka. Kikawa kinarekodi kimya vizuri sana. Akachoka akili. Akatoka barazani, akampigia fundi wa studio, mzee mmoja wanayemwita Waya.

Waya akauliza maswali yake taratibu, kama daktari wa zamani. Waya umebadilisha? Nimebadilisha. Umeme? Nimebadilisha. Kiko mahali pametulia? Kiko mezani, Jicho akajibu. Basi diski imechanganyikiwa, mzee akasema, ifomati ianze upya, itatulia.

Jicho akarudi ndani, simu sikioni, akafungua ile sehemu ya kamera. Kioo kikamuuliza kama ana hakika, maana vyote vilivyomo vitafutika. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe. Mama alikuwa amegeukia dirisha, anatazama barabara. Mgongo wake ulikuwa mdogo.

"Mzee, nikifomati, vya asubuhi vinakwenda?"

"Vinakwenda vyote."

Jicho akautazama tena ule mgongo.

"Kuna nini humo?" Waya akauliza.

"Mama."

Mzee wa watu akasikika akivuta pumzi. "Basi toa kidole, binti yangu," akasema. "Toa kabisa, weka mkono mfukoni."

Akakitoa, akatia mkono mfukoni. Waya akaendelea kusema kwa upole, zaidi ili kumtuliza kuliko kumfundisha, kwamba diski ya namna ile si jiwe. Ndani mna sahani inayozunguka mbio, na kuna kitu kama sindano kinaandika juu yake bila kuigusa. Ikitikiswa, sindano inajiinua isije ikaikwaruza sahani, inangoja. Kamera haijui kungoja, inazidi kumimina, mwisho inakata. Ndiyo maana nimekuuliza kama mahali pametulia, akasema. Jicho akarudia, kiko mezani, mzee. Akamshukuru, akakata simu.

Saa za gari zilikuwa zinakaribia. Akaona bora akubali. Asubuhi imepatikana, mlevi mkweli amepatikana, shukuru kwa kidogo. Akaenda kukichomoa kisanduku. Mama alipomwona anakusanya vitu, akadhani kazi imekwisha, naye akaona amalizie kipande cha pindo kilichobaki. Jicho akaweka kiganja juu ya kisanduku, na mama akakanyaga.

Kisanduku kikamtekenya kiganja.

Akakiacha pale. Mama akaacha kukanyaga ili ageuze kitambaa, mtetemo ukakoma. Akakanyaga, ukarudi. Kisanduku kilikuwa kinarukaruka chini ya mkono wake kama kifaranga kilichofunikwa na kawa.

Akatazama alipokiweka. Mezani. Alikuwa amemwambia mzee Waya mezani, na hakuongopa, kwa sababu nyumba ile haikuwahi kuwa na meza nyingine. Juu ya mbao zile ndipo alipokula uji, ndipo alipoandikia kazi za shule, ndipo alipolaza kichwa akapata usingizi huku mama anashona sare za watu. Mtetemo ule aliuzoea kabla hajajua kuongea. Mgeni angeingia angesema mnaweka kitu hicho juu ya cherehani? Kwake yeye ilikuwa meza. Wala mama hakuwa akianza kukanyaga kwa kumtaja marehemu. Ilikuwa ni ile ya suruali tu. Hadithi zote nyingine aliweza kuzisimulia mikono ikiwa na vifungo. Ile aliiweka kwenye pedali, kwa sababu ilimtokea kwenye pedali. Na hadi kijana arudi tena, sindano ya ndani ilikuwa imengoja ikachoka.

Jicho akaketi chini kwenye vipande vya vitambaa, akacheka na kulia kwa pamoja, mama mdogo akadhani sasa wazimu umemwingia.

Alipowaeleza, mama akasema kwa sauti iliyobaki, ambayo ilikuwa kama kitambaa kinachoburutwa sakafuni, kwamba basi atasimulia bila kukanyaga. Wakajaribu mwanzo tu. Akakaa wima, mikono magotini, miguu pamoja, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Alikuja kijana mmoja," akasema, akasahau kinachofuata. Maisha yake yote ile hadithi ilikuwa ikipanda kutoka miguuni.

Kwa hiyo kikahama kisanduku. Waya haukufika kitandani. Mama mdogo akajitolea akipakate, kwa kuwa hofu yake ilikuwa imegeuka bidii. Jicho akamkumbusha alivyoanguka ubavu mara ya kwanza. Mama mdogo akasema safari hii nitacheka kwa tumbo la ndani. Hakuna aliyemwamini, hata yeye.

Akakishika Jicho mwenyewe. Alisimama kando ya kamera, mikono mbele, viganja viwili chini ya kisanduku kama mtu aliyebeba bakuli la uji wa moto mpaka kwa mgonjwa. Hakuweza kuchungulia kwenye kioo. Hakujua kama mama yuko katikati ya picha au amekatwa sikio. Ilibidi atazame taa tu.

"Mama," akasema, "cheka kadiri utakavyoweza. Usikilazimishe."

"We mtoto," mama akajibu, "kicheko kinalazimishwa na nani?"

Akakanyaga. Gauni lilikuwa limekwisha, akatia kipande cha kitambaa kisicho na kazi, akakishona tu kwenda na kurudi. Kijana akaja. Taa inapepesa. Kijana akarudi. Mikono ya Jicho ilianza kuuma kwenye mabega, jasho likamshuka pembeni ya jicho, hakulifuta. Akarudi tena. Inapepesa. Akarudi na tena, na huko ndiko ambako kisanduku hakikuwahi kufika. Jicho akaacha kuvuta pumzi. Suruali ikafika magotini. Fundi mkuu akasema kitambaa kimekwisha.

Kimya.

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko siku zote. Jicho hakuthubutu kuinua macho. Hakujua kama mama yake yuko kwenye ngazi ya pili au kama koo limefunga. Alisikia pedali tu, taratibu, taratibu zaidi. Na kijani kinapepesa, kinarekodi kimya kile.

Halafu kikatoka. Kilikuwa kidogo. Kilikuwa na mikwaruzo, na juu kabisa kilipasuka vipande viwili kama sahani, na katikati ya vile vipande kulikuwa na pumzi tupu. Lakini kilipanda ngazi zote. Nje barabarani mtu aliyepita na mkokoteni akacheka peke yake.

Mama mdogo alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo la hospitali.

Walikitazama mara moja, honi ya gari ikilia mlangoni. Mama alikuwa amekatwa sikio kidogo na picha. Kicheko kilikuwemo. Jicho akapitia studio kabla ya hospitali, akawafanya wote wangoje garini, akakinakili mahali pengine, na pengine, kisha akamwachia mzee Waya nakala bila kumweleza ni ya nini. Mzee hakuuliza.

Kesho yake walingoja kwenye benchi. Hapo alinyamaza sana aliponisimulia, nami nimeruka. Mama alitoka akiwa hai, amevaa gauni lake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mlizi. Wakaja kukaa kwa bibi chumba kile cha mbele. Siku ya kwanza Jicho akaifungua ile video, akaiweka mbele ya mama yake, akiogopa kuliko alivyoogopa siku ya kuipiga. Mama akaitazama yote. Fundi aliposema kitambaa kimekwisha, mabega yake yakaanza kutikisika, tundu la shingoni likawa linatoa pumzi fupi fupi, na hapakuwa na sauti yoyote chumbani ila ile ya kwenye kioo. Akanyoosha kidole kwenye sikio lake lililokatwa, akamtazama bintiye kwa dharau ya kifundi. Mama mdogo akasema afadhali sikio limekatwa kuliko kicheko.

Mtoto akalia. Ilikuwa mchana, jua limesimama barabarani na hakuna anayepita. Mama akamchukua, hakuwa na wimbo wa kumpa. Akamlaza juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, mezani, mkono mmoja kifuani pake, akakanyaga pedali bila uzi. Mtoto akasikiliza kwa mwili mzima, akalala. Mama mdogo akawa amekwisha lala zamani, mdomo wazi. Baadaye miguu ya mama ikapunguza, ikaacha, kichwa kikatua pembeni ya mjukuu wake.

Jicho akavuta kiti karibu, akaweka kiganja juu ya mbao kuona kama bado zinatetemeka. Zilikuwa zimetulia. Akalaza shavu pale pale alipozoea kulilaza, naye akalala.